SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: KUZIELEWA TAA ZA CHAJA ZA BETRI

Baadhi ya vyama vya ushirika vimekwisha nunua zana za umeme zinazotumia betri badala ya waya. Chama cha mafundi seremala huwa na keekee na msumeno. Chama cha wakulima huwa na keekee ya kutengenezea paa la ghala na vichanja vya kuanikia kahawa. Zana hizi zina faida kubwa mahali ambapo umeme haujafika, maana betri hujazwa ofisini, kisha fundi akaenda nayo kazini bila kuburuta waya. Lakini faida hiyo yote hutegemea chombo kidogo ambacho aghalabu hakiangaliwi, nacho ni chaja, pamoja na taa zake mbili au tatu.

Taa hizo zisipoeleweka, hasara huja kwa njia tatu. Kwanza, betri nzima huandikwa kuwa mbovu ikatupwa, na chama kikalazimika kununua nyingine. Pili, betri iliyoharibika kweli hulazimishwa kuingiza umeme, na moto ukazuka ndani ya ghala lenye mali ya wanachama. Tatu, fundi asiye na kosa huambiwa kwamba ameua betri ya chama, naye akatozwa fedha.

Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha katibu, mtunza stoo na mwanachama wa kawaida kuzisoma taa za chaja na kuchukua hatua inayofaa. Kanuni ya kushikwa ni moja: taa ya chaja ni shahidi, si hakimu. Hueleza kile ambacho chaja imekiona wakati ule. Hukumu juu ya betri, na juu ya mtu aliyeitumia, hutolewa baada ya kupima na kulinganisha.

1. BETRI NA CHAJA ZAFANYAJE KAZI

Keekee ya kwanza isiyo na waya iliuzwa na kampuni ya Black & Decker ya Marekani mwaka 1961. Betri za zana za zamani zilikuwa za nikeli na kadimi, na mafundi walizoea kuzimaliza nguvu kabisa kabla ya kuzijaza tena. Mnamo mwaka 2005 makampuni kama Makita na Milwaukee yalianza kuuza zana zenye betri za lithiamu, nazo ndizo zilizoenea leo. Yafaa ieleweke kwamba desturi ile ya zamani haifai kwa betri za lithiamu. Betri ya lithiamu ikimalizwa kabisa na kuachwa hivyo kwa miezi, huharibika.

Ndani ya betri ya volti 18 mna seli tano zilizofuatana, au safu tano za seli mbili mbili ikiwa betri ni kubwa. Kila seli ina volti 3.6 kwa wastani, na tano mara 3.6 ni 18. Seli ikijaa hufika volti 4.2, na hapo betri nzima huwa na volti 21. Kwa sababu hiyo betri za DeWalt zinazouzwa Marekani zikiwa zimeandikwa volti 20 ni za jamii ileile ya volti 18. Hata hivyo hii si ruhusa ya kuchanganya betri za kampuni moja na chaja za kampuni nyingine.

Chaja ina kazi tatu: kupima, kulisha na kukoma. Kwanza hupima nguvu iliyosalia katika betri, na hupima pia joto la betri kwa kutumia kipima joto kidogo kilichomo ndani ya betri yenyewe. Habari za joto hupita katika mojawapo ya ncha ndogo za shaba zinazogusana na chaja. Ikiwa mambo yako ndani ya mipaka, chaja huanza kulisha kwa mkondo imara. Seli zinapokaribia volti 4.2, mkondo hupunguzwa kidogo kidogo, na ndiyo sababu sehemu ya mwisho ya kujaza huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyotazamia. Betri ikijaa, chaja hukoma.

Kwa hiyo taa ni tarishi wa mambo haya. Husema kama chaja inangoja, inalisha, imekoma, au imekataa kulisha. Na ikiwa imekataa, hudokeza sababu.

2. NAMNA YA KUITAZAMA TAA

Mtunza stoo akiulizwa chaja imeonyesha nini, mara nyingi hujibu, "Iliwaka nyekundu." Jibu hilo halitoshi. Anayetazama taa yampasa aandike mambo manne:

(a) Rangi ya taa: nyekundu, kijani au manjano.
(b) Mwendo wake: imetulia, au inapepesa, yaani inawaka na kuzimika.
(c) Idadi yake: inawaka moja peke yake, zinawaka mbili pamoja, au zinapokezana, hii ikiwaka na ile ikizimika.
(d) Hali ya betri wakati huo: imetoka kazini sasa hivi, imekaa stoo, imenyeshewa mvua, au imeanguka.

Rangi bila mwendo haina maana kamili, kama vile tarakimu katika leja isivyo na maana pasipo kujulikana kama ni mapato au matumizi.

3. TAA MOJA, MAANA MBALIMBALI

Hapana sheria moja inayoyafunga makampuni yote kutumia taa kwa namna moja. Kila kampuni ina lugha yake, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ifuatayo ni mifano ya chaja zinazojulikana.

Chaja ya Makita DC18RC ya betri za volti 18:
- Kijani inayopepesa, betri ikiwa haijawekwa: chaja ina umeme na inangoja betri.
- Nyekundu iliyotulia: inajaza, na betri haijafika asilimia 80.
- Nyekundu na kijani pamoja, zimetulia: betri iko baina ya asilimia 80 na 100.
- Kijani iliyotulia peke yake: betri imejaa.
- Nyekundu inayopepesa: betri ina joto mno au baridi mno, na kujaza kumeahirishwa.
- Nyekundu na kijani zikipokezana kupepesa: chaja imeona hitilafu katika betri.
- Manjano inayopepesa: upoozaji una kasoro, kama vile feni au matundu ya hewa kuzibwa na vumbi.

Chaja ya DeWalt DCB115:
- Nyekundu inayopepesa: inajaza.
- Nyekundu iliyotulia: betri imejaa.
- Nyekundu inayopepesa, na taa ya manjano ikiwaka pamoja nayo: betri ina joto au baridi mno, na chaja inangoja.

Chaja ya Milwaukee ya betri za M12 na M18:
- Nyekundu iliyotulia: inajaza.
- Kijani iliyotulia: betri imejaa.
- Nyekundu inayopepesa: joto au baridi imepita kiasi.
- Nyekundu na kijani zikipepesa kwa kupokezana: betri ina hitilafu.

Chaja nyingi za Bosch za mafundi hupepesa kijani zinapojaza, na kijani hutulia betri inapojaa.

Msomaji na alinganishe mifano hiyo. Nyekundu iliyotulia kwa Makita na Milwaukee maana yake "bado inajaza", ilhali kwa DeWalt maana yake "imejaa, iondoe". Nyekundu inayopepesa kwa DeWalt ni habari njema kwamba umeme unaingia. Kwa Makita na Milwaukee ni habari kwamba umeme hauingii. Fundi aliyezoea chaja moja akipelekwa penye nyingine, aweza kuchomoa betri kabla haijajaa, au kuingoja mchana kutwa ilhali imekwisha jaa zamani.

Hata kampuni moja yaweza kuwa na chaja mbili zenye lugha mbili. Kwa hiyo orodha hii isichukuliwe badala ya kijitabu kilichokuja na chaja ya chama. Chaja nyingi huwa na picha ndogo za taa zilizobandikwa juu yake au ubavuni. Hizo ndizo za kufuatwa kwanza.

4. TAA YA JOTO NA BARIDI

Taa inayosababisha hasara ya bure kuliko zote ni ile inayosema betri ina joto au baridi mno. Si taa ya ubovu. Ni sawa na daktari anayemwambia mgonjwa aketi apumzike kwanza kabla ya kupimwa.

Betri ya lithiamu ina mipaka ya joto inapojazwa. Makita huagiza betri zake zijazwe mahali penye joto la hewa baina ya sentigredi 10 na 40. DeWalt hukataza kujaza hewa ikiwa chini ya sentigredi 4.5 au juu ya 40. Joto likizidi, betri huzeeka upesi. Baridi ikizidi, lithiamu haiingii mahali pake ndani ya seli, bali hujikusanya juu juu kama utando wa madini. Jambo hilo hupunguza uwezo wa betri na laweza kuleta hatari baadaye.

Mipaka hiyo hupitwa kwa urahisi katika kazi za kawaida. Betri iliyotoka kutoboa mbao ngumu hupata joto kwa kazi yenyewe. Ikiwekwa kwenye chaja mchana wa jua kali huko Dodoma au Tanga, ndani ya chumba chenye bati tupu na kisicho na dirisha, chaja itaikataa. Kinyume chake, asubuhi ya mwezi Juni au Julai huko Njombe au Makete, betri iliyolala kwenye stoo baridi yaweza kukataliwa kwa sababu ya baridi.

Dawa yake ni subira. Betri moto iwekwe kivulini penye hewa inayopita kwa nusu saa au saa nzima, kisha ijaribiwe tena. Yaweza pia kuachwa kwenye chaja, maana chaja nyingi huanza kujaza zenyewe joto likishuka. Betri baridi ipelekwe katika chumba chenye joto la kawaida na iachwe ipate joto polepole. Ni mwiko kuitia betri kwenye maji au kwenye friji ili ipoe upesi. Hali kadhalika ni mwiko kuisogeza karibu na jiko la mkaa ili ipate joto. Kuichomoa na kuichomeka mara kumi hakusaidii kitu.

5. TAA YA HITILAFU: HATUA ZA KUPIMA

Chaja ikionyesha ishara ya hitilafu, betri isitupwe mara moja wala isilazimishwe. Hatua hizi zifuatwe kwa utaratibu wake:

Kwanza, betri iondolewe na chaja ichomolewe kwenye umeme. Betri itazamwe pande zote. Ikiwa gamba limepasuka, limevimba au limeyeyuka, au inatoa harufu kali, au ilizama majini, upimaji ukome hapo. Betri ya namna hiyo haijaribiwi tena.

Pili, ncha za shaba za betri na za chaja zipanguswe kwa kitambaa kikavu. Vumbi la mbao, unga, kutu na mafuta huzuia habari za joto kufika kwenye chaja, nayo chaja ikakataa kwa kukosa habari.

Tatu, chaja ichomekwe tena, na betri isukumwe mpaka ikae imara.

Nne, ifanywe badilishano. Betri inayoshukiwa ijaribiwe katika chaja nyingine ya kampuni na aina ileile. Na betri nyingine inayojulikana kuwa nzuri ijaribiwe katika chaja ya kwanza. Matokeo yasomwe hivi:

- Betri inayoshukiwa ikikataliwa na chaja zote mbili, na betri nzuri ikakubaliwa na zote, kasoro iko katika betri.
- Betri zote mbili zikikataliwa na chaja ya kwanza lakini zikakubaliwa na ya pili, kasoro iko katika chaja, na betri haina kosa.
- Betri zote zikikubaliwa na chaja zote baada ya kusafishwa, kasoro ilikuwa uchafu au joto.

Chama chenye chaja moja tu chaweza kuomba msaada kwa chama jirani au kwa muuzaji. Safari ya basi ni nafuu kuliko bei ya betri.

Yafaa kusema neno juu ya betri iliyosahauliwa. Betri ikikaa miezi mingi bila kujazwa, volti za seli zaweza kushuka chini kupita kiasi, hata chini ya 2.5 kwa seli moja. Chaja yaweza kuikataa betri hiyo. Kuna mafundi wa mitaani ambao huifungua, au huiunganisha kwa nyaya na betri nyingine, ili "kuiamsha" na kuihadaa chaja. Hila hiyo yaweza kufanikiwa kwa siku chache, lakini shaba iliyoyeyuka ndani ya seli wakati ilipokuwa tupu yaweza kuunganisha pande mbili za seli, na seli ikashika moto inapojazwa. Chaja haikuikataa kwa ukaidi; iliikataa kwa usalama. Chama kisiruhusu jambo hilo kufanyika katika jengo lake.

6. TAA ISIPOWAKA KABISA

Giza nalo ni habari. Kwanza iangaliwe kama umeme upo: taa au redio ichomekwe kwenye tundu lilelile la ukutani. Huenda Luku imekwisha, au swichi imezimwa.

Umeme ukiwapo na chaja ikabaki giza, ijaribiwe kwa betri nyingine. Chaja nyingine za DeWalt hukataa kuwaka zikiwekewa betri yenye hitilafu. Ikiwa kwa betri hii ni giza na kwa ile taa inawaka, kosa si la chaja.

Jambo la tatu ni volti za umeme wenyewe. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Chaja iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hutaka volti 120, na ya Japani volti 100. Zana zilizotumika zinazoletwa kutoka ng'ambo zaweza kuja na chaja za namna hiyo, na mara ichomekwapo ukutani huungua. Kabla ya kununua, katibu asome maandishi yaliyo nyuma ya chaja. Yakitaja volti 220 hadi 240, au 100 hadi 240, inafaa. Yakitaja 100 au 120 peke yake, haifai kuchomekwa moja kwa moja.

Hali kadhalika, vijitabu vingine, kikiwamo cha Makita, hukataza chaja kutumiwa na jenereta ya injini. Chama kinachotegemea jenereta kisome katazo hilo kabla ya kununua.

7. MAMBO AMBAYO TAA HAISEMI

Taa ya kijani husema betri imejaa kadiri iwezavyo kujaa. Haisemi ni kiasi gani. Debe lililojaa tope nusu hufurika upesi linapotiwa maji, na anayetazama ukingo wake ataliona limejaa. Lakini maji yaliyomo ni nusu debe. Betri iliyozeeka ni hivyo hivyo. Ilikuwa na ampea-saa 5 ilipokuwa mpya. Baada ya miaka ya kazi hujaa upesi, taa ikawa kijani, na fundi akaishiwa nguvu kabla ya kumaliza paa moja.

Njia rahisi ya kujua ni kupima kazi. Betri mpya ikishajaa, fundi ahesabu skrubu ngapi za aina moja anazifunga kwenye mbao za aina moja kwa keekee ileile mpaka nguvu ziishe. Hesabu iandikwe. Kipimo kirudiwe kila baada ya miezi sita. Idadi ikishuka hata ikawa nusu, kamati ijue kwamba betri inakaribia kustaafu, na fedha ya nyingine iingizwe katika makisio ya mwaka ujao.

Tena, taa haisemi ni nani aliyesababisha ubovu. Betri yaweza kufa kwa uzee, kwa kasoro ya kiwandani, kwa kusahauliwa stoo, au kwa kuangushwa. Taa ya hitilafu kwa mambo yote hayo yaweza kuwa ile ile moja.

8. MFANO WA KUJIFUNZIA

Na uchukuliwe mfano wa chama cha mafundi chenye chaja moja ya Makita DC18RC na betri mbili za ampea-saa 5. Fundi amerudi saa tisa alasiri kutoka kuezeka, akakabidhi betri. Mtunza stoo ameiweka kwenye chaja papo hapo, taa nyekundu ikaanza kupepesa. Akaandika katika daftari: "Betri Na. 2 mbovu." Jioni kamati imekutana, na yapo mawazo kwamba fundi atozwe shilingi 180,000, bei ya betri mpya.

Katibu anasema, "Ndugu Mwenyekiti, kabla ya kumtoza mwenzetu, naomba tujue taa ilikuwaje na betri ilikuwa katika hali gani."

Mwenyekiti anajibu, "Ndugu Katibu, daftari limesema mbovu. Unataka nini zaidi?"

"Daftari limeandika hukumu, Ndugu Mwenyekiti, halikuandika ushahidi. Betri ilitoka juani. Na ilale hapa ofisini usiku huu, asubuhi tuijaribu mbele ya fundi na mtunza stoo."

Asubuhi betri imepoa. Inawekwa kwenye chaja, nayo taa inakuwa nyekundu iliyotulia. Baada ya muda wa dakika 45 hivi, inakuwa kijani. Betri ni nzima, na fundi hana deni.

Yawezekana pia asubuhi ile taa nyekundu na kijani zingepokezana, na betri Na. 1 ikakubaliwa na chaja ileile. Hapo ingekuwa dhahiri kwamba betri Na. 2 ina kasoro. Lakini hata hivyo kamati isingekuwa na haki ya kumtoza fundi kabla ya kuuliza: betri ilinunuliwa lini, dhamana ya muuzaji bado ipo, ilikaa stoo kwa muda gani bila kujazwa, na kuna alama yoyote ya kuangushwa? Ikiwa dhamana ipo, wa kudaiwa kwanza ni muuzaji, na stakabadhi ndiyo silaha ya chama.

9. MAKATAZO YA USALAMA

(a) Chaja iwekwe juu ya meza ngumu isiyoshika moto upesi, kama ya saruji au ya bati. Isiwekwe juu ya magunia, makapi ya mbao, au karibu na pamba, petroli na dawa za mimea.
(b) Matundu ya hewa ya chaja yasifunikwe.
(c) Betri isijazwe usiku katika jengo lililofungwa bila mtu.
(d) Betri isibebwe pamoja na misumari au sarafu, maana vyuma vikigusa ncha zake umeme utapita kwa nguvu na kuleta moto.
(e) Betri iliyovimba au kupasuka itolewe nje, mbali na jengo, iwekwe katika ndoo ya mchanga mkavu. Ncha zake zifunikwe kwa utepe wa mafundi umeme.
(f) Betri isitupwe katika shimo la takataka wala isichomwe moto. Muuzaji aulizwe kama anapokea betri zilizokwisha.
(g) Moto ukianza, moshi wake ni sumu. Kazi ya kwanza ni kuwatoa watu, si kuokoa zana.

10. WAJIBU WA KATIBU

Betri ni mali ya chama kama mizani na meza, na haina budi kuwa na kumbukumbu. Kila betri ipewe namba kwa rangi isiyofutika, na kila namba iwe na kadi yake. Kadi ionyeshe tarehe ya kununuliwa, namba ya stakabadhi, mwisho wa dhamana, vipimo vya kazi vya kila miezi sita, na kila mara chaja ilipoikataa: rangi ya taa, mwendo wake, hali ya betri, na hatua iliyochukuliwa. Betri zisizotumika zihifadhiwe zikiwa na nguvu karibu nusu, mahali pakavu na pasipo joto, na ziangaliwe kila baada ya miezi michache.

Ukutani juu ya chaja kibandikwe kibao cha maana ya taa za chaja hiyo, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Chaja ikibadilishwa, kibao nacho kibadilishwe siku hiyo hiyo.

Betri isifutwe katika daftari la mali kwa neno la mtu mmoja. Matokeo ya badilishano yaandikwe, yatiwe saini na watu wawili, na kamati iamue. Betri yenyewe itunzwe mahali salama nje ya jengo mpaka mkaguzi aione au muuzaji aipokee.

Wako watakaoona kwamba shughuli hii ni kubwa mno kwa kitu kidogo. Na wapige hesabu. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Hata ukihesabu umeme unaopotea kama joto, uniti moja huijaza betri hiyo kama mara tisa. Gharama ya umeme basi ni ndogo sana. Gharama kubwa ni betri yenyewe. Chama kinachotupa betri mbili nzima kwa mwaka, kwa bei ya mfano uliotolewa juu, kimetupa shilingi 360,000 za wanachama kwa sababu ya kutosoma taa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Chaja ya chama chenu ni ya kampuni gani, na taa yake nyekundu iliyotulia ina maana gani? Mwanachama mmoja asome kijitabu kwa sauti, na wengine wasikilize.

2. Betri imetoka kazini saa nane mchana, na chaja imeikataa. Ni mambo gani ya kufanywa kabla ya kuandika neno "mbovu"?

3. Betri A inakataliwa na chaja ya chama, lakini inakubaliwa na chaja ya chama jirani ya aina ileile. Betri B nayo inakataliwa na chaja ya chama. Kasoro iko wapi?

4. Fundi anasema taa ni kijani lakini betri haimalizi kazi ya asubuhi moja. Je, anasema kweli? Kikundi kieleze namna ya kumpima bila kumdhania vibaya.

5. Kijana wa jirani anajitolea "kuamsha" betri iliyokufa kwa nyaya mbili, bila malipo. Kamati imjibu nini, na kwa sababu gani?

6. Chunguzeni kumbukumbu za chama za mwaka uliopita. Ni betri ngapi zilizofutwa, na kwa kila moja, ni ushahidi gani ulioandikwa?

Majibu ya swali la sita yaandikwe na katibu na kuwasilishwa katika kikao kinachofuata cha kamati. Ikionekana kwamba mwanachama yeyote alitozwa kwa neno "mbovu" peke yake, shauri lake lifunguliwe upya na betri ipimwe, ikiwa ingali ipo.